Fedha za televisheni zavunja ligi za vyuo vikuu Marekani, vyuo vidogo vyabeba mzigo

Siku ya Ijumaa tarehe 4 Agosti mwaka 2023, ligi ya michezo ya vyuo vikuu iliyodumu katika pwani ya magharibi ya Marekani kwa zaidi ya karne moja ilisambaratika katika muda wa saa chache. Vyuo vikuu vitano vilitangaza siku hiyo hiyo kwamba vinaihama ligi hiyo, ijulikanayo kwa jina la Pac-12. Vitatu vingine vilikuwa vimekwisha kutangulia. Kabla ya mwezi mmoja kupita vikaondoka viwili zaidi, na katika vyuo 12 vikabaki viwili tu: Oregon State, kilichoko katika mji wa Corvallis, na Washington State, kilichoko katika mji wa Pullman.

Vyuo hivyo viwili havikuwa na kosa lolote uwanjani. Vyote viwili ni vyuo vya serikali za majimbo, vyenye maelfu ya wanafunzi na timu zilizokuwa zikiwafunga wakubwa mara kwa mara. Kilichoviponza ni mahali vilipo. Pullman ni mji mdogo uliozungukwa na vilima vya mashamba ya ngano, zaidi ya kilometa 400 kutoka Seattle, na Corvallis nao ni mji wa chuo usio na watazamaji wengi wa televisheni. Katika biashara ya leo ya michezo ya vyuo nchini Marekani, hesabu inayoangaliwa kwanza ni hiyo.

Msomaji asiyeufahamu mchezo wenyewe anahitaji maelezo kidogo. Mpira wa Kimarekani, ule unaochezwa zaidi kwa mikono na kwa mpira wenye umbo la yai, si mchezo wa kulipwa peke yake. Mashindano ya vyuo vikuu huwavuta watazamaji kwa mamilioni kila Jumamosi kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Januari, na viwanja kadhaa vya vyuo huchukua watu zaidi ya 100,000. Hakuna ligi moja ya taifa zima. Vyuo hujipanga vyenyewe katika makundi, ambayo kwa Kiswahili cha michezo yanaweza kuitwa ligi za kanda. Kila ligi ina ratiba yake, bingwa wake na, jambo lililo muhimu kuliko yote, mkataba wake wa televisheni. Chuo huingia katika ligi kwa kualikwa, na kinaweza kuihama. Hakuna kupanda wala kushuka daraja kwa sababu ya pointi.

Mfumo huo ulianza kwa sababu ya ujirani. Mwaka 1915, vyuo vinne vya majimbo ya California, Oregon na Washington vilikubaliana katika mji wa Portland kuunda ligi ambayo baadaye ilikuja kuwa Pac-12. Oregon State, wakati huo kikiwa chuo cha kilimo, kilikuwa miongoni mwa waanzilishi hao wanne. Washington State kilijiunga mwaka 1917. Timu zilisafiri kwa garimoshi, na ligi ilikuwa kubwa kadiri garimoshi lilivyoweza kufika.

Hukumu ya mwaka 1984

Chanzo cha mageuzi ya leo ni uamuzi wa mahakama uliotolewa miaka 40 iliyopita na ushei. Kwa muda mrefu haki zote za kutangaza mpira wa vyuo katika televisheni zilikuwa mikononi mwa chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA. Chama hicho kiliweka kikomo cha idadi ya mechi za kuonyeshwa, na kila timu iliruhusiwa kuonekana mara chache tu, kwa hoja kwamba mpira ukionyeshwa kupita kiasi watu hawatakwenda viwanjani, na kwamba timu kubwa zisiachiwe peke yao.

Jinsi mgao ulivyokuwa inaonekana katika mfano mmoja ulionukuliwa mahakamani. Mwaka 1981, mechi kati ya Oklahoma na Southern California ilitangazwa na vituo zaidi ya 200. Wakati huo huo, mechi kati ya The Citadel na Appalachian State, vyuo viwili vidogo vya kusini, ilitangazwa na vituo vinne. Timu zote nne zililipwa sawa.

Kwa wakubwa huo ulikuwa uonevu mtupu. Vyuo vya Oklahoma na Georgia vilikwenda mahakamani, na mwezi Juni mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua, kwa kura 7 dhidi ya 2, kwamba utaratibu wa NCAA ulivunja sheria inayokataza uhodhi wa soko. Mmoja kati ya majaji wawili waliopinga alikuwa Byron White, ambaye katika miaka ya 1930 alikuwa nyota wa mpira katika Chuo Kikuu cha Colorado. Kati ya majaji wote tisa, yeye ndiye aliyewahi kuucheza mchezo huo kwa kiwango cha juu kabisa, na yeye ndiye aliyeonya kwamba kuuachia soko huru kutaiondoa michezo hiyo katika shughuli za elimu.

Tangu siku hiyo kila ligi ikawa huru kuuza mechi zake. Mwanzoni bei zilishuka, kwa kuwa mechi zilifurika sokoni. Lakini televisheni za kulipia zilipoenea, bei zikapanda bila kusimama, na ligi zikatambua kwamba njia ya haraka ya kuongeza thamani ya mkataba ni kuchukua timu yenye watazamaji wengi kutoka kwa jirani. Mwezi Julai mwaka 2021, Texas na Oklahoma vilitangaza kuihama ligi ya Big 12 na kujiunga na ligi ya kusini mashariki, SEC, hatua iliyokamilika mwaka 2024. Mwezi Juni mwaka 2022, Southern California na UCLA, vyote vya jijini Los Angeles, vikasema vinakwenda Big Ten, ligi yenye mizizi katika majimbo ya maziwa makuu ya Marekani. Wiki chache baadaye Big Ten ikatia saini mikataba ya televisheni ya miaka saba yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 7.

Pac-12, ikiwa imepoteza soko la Los Angeles, ilibaki kutafuta mnunuzi. Ofa iliyowekwa mezani katika siku za mwisho ilitoka kwa kampuni ya Apple, na kwa mujibu wa taarifa zilizochapishwa wakati huo, sehemu ya mapato ingetegemea idadi ya watu watakaojiandikisha kulipia matangazo. Viongozi wa vyuo hawakuwa tayari kubahatisha. Oregon na Washington vikakubali kuingia Big Ten kwa mgao mdogo kuliko wa wenyeji, na Arizona, Arizona State na Utah vikaifuata Colorado kwenda Big 12. Stanford na California vikapokelewa na ligi ya ACC, ambayo jina lake ni la pwani ya Atlantiki, ilhali vyuo hivyo viwili vinatazamana na Pasifiki. Leo timu ya Los Angeles inayokwenda kucheza ugenini na Rutgers, New Jersey, husafiri umbali unaozidi ule wa kutoka Mombasa hadi Muscat.

Ndugu wawili waliobaki

Hasara ya Oregon State na Washington State ilianza kuhesabika kabla hata ya msimu wa 2023 kwisha. Oregon State kilikuwa kimetoka kukarabati uwanja wake kwa gharama ya takriban dola milioni 160, na upande mpya ulifunguliwa Septemba mwaka huo huo, wiki chache baada ya ligi kuvunjika. Mwezi Novemba kocha wake, Jonathan Smith, ambaye mwenyewe aliwahi kuichezea timu hiyo, akahamia Michigan State katika Big Ten. Cameron Ward, aliyekuwa mrusha mpira wa Washington State, akahamia Miami, na mwaka 2025 akawa mchezaji wa kwanza kuchaguliwa na timu za kulipwa. Aliyerithi nafasi yake, John Mateer, alikaa msimu mmoja kisha akaenda Oklahoma. Sheria za sasa humruhusu mchezaji kuhama bila kukaa nje msimu, na chuo kilichopoteza fedha za televisheni hakina kamba ya kumfungia.

Vyuo hivyo viwili havikukubali kuondoka mikono mitupu. Vilifungua mashtaka katika mahakama ya Wilaya ya Whitman, mwendo mfupi kutoka Pullman, vikidai kwamba wanachama waliokwisha kuaga hawana tena haki ya kukaa katika bodi na kugawana mali. Mwezi Novemba mwaka 2023 jaji akawapa ushindi wa awali, na mwezi uliofuata mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikakataa kuingilia kati. Pande zote zikaafikiana. Kwa misimu miwili, 2024 na 2025, ligi iliyokuwa na vyuo 12 ikawa na viwili, vikikodi wapinzani kutoka ligi nyingine.

Jambo lisiloelezwa vya kutosha ni kwamba fedha za mpira wa Kimarekani haziishii katika mpira huo. Katika vyuo vingi, mpira ndio unaolipia riadha, kuogelea, makasia, tenisi na michezo mingine ambayo haina watazamaji wa kutosha kujilipia. Kwa hiyo mkataba wa televisheni unapopungua, mchezaji wa mpira si wa kwanza kuumia. Anayeumia ni mrusha tufe.

Hapo ndipo habari ya Pullman inapowagusa moja kwa moja wasomaji wa Afrika Mashariki. Chuo cha Washington State ndicho kilichomlea Henry Rono. Mkenya huyo, aliyefariki dunia Februari mwaka 2024, alikuwa mwanafunzi huko mwaka 1978 alipovunja rekodi nne za dunia katika siku 81: meta 5,000 mjini Berkeley, meta 3,000 kuruka viunzi na maji mjini Seattle, meta 10,000 mjini Vienna na meta 3,000 mjini Oslo. Rekodi mbili za mwanzo alizikimbia katika miji ya vyuo vya ligi hiyo hiyo iliyokuja kuvunjika. Kabla yake, mwaka 1977, Samson Kimobwa wa chuo hicho hicho alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya meta 10,000. Baadaye wakapita Julius Korir, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1984 wa kuruka viunzi na maji, Peter Koech na Bernard Lagat. Kwa vijana wa Bonde la Ufa, Pullman haukuwa mji wa ngano. Ulikuwa mlango wa shahada na wa dunia.

Mwezi Juni mwaka 2025, Washington State kilitangaza kwamba kinaondoa mashindano ya kurusha na kuruka katika timu zake za riadha, na kupunguza mbio fupi na za viunzi, ili nguvu zote zielekezwe katika mbio za masafa marefu. Mtu anaweza kusema kwamba walau kilichobaki ni kile kilicholeta sifa. Ni kweli, lakini timu ya riadha isiyo na mruka juu wala mrusha mkuki ni nusu ya timu, na vijana waliokwisha kusajiliwa kwa michezo hiyo walitakiwa kuchagua kati ya kubaki bila mchezo na kutafuta chuo kingine.

Aliyeporwa naye apora

Kama mkasa ungeishia hapo, ungekuwa wa wakubwa na wadogo, na ingekuwa rahisi kujua wa kumhurumia. Haukuishia hapo. Ligi yenye wanachama wawili haiwezi kutambuliwa kwa muda mrefu, na Septemba mwaka 2024 Pac-12 ikafanya kwa wengine kile ilichofanyiwa. Iliwachukua Boise State, Colorado State, Fresno State na San Diego State kutoka ligi ya Mountain West, yaani ligi ile ile iliyokuwa imekubali kuipa mechi za msimu huo kwa malipo ya dola milioni 14. Utah State kikafuata siku chache baadaye.

Mkataba wa mechi hizo ulikuwa na kifungu cha adhabu, endapo Pac-12 ingewachukua wanachama wa Mountain West, na adhabu yenyewe ilizidi dola milioni 50 kwa vyuo hivyo vitano. Pac-12 ilikuwa imeutia saini. Hata hivyo ilikwenda mahakamani kudai kwamba kifungu hicho kinavunja sheria ya uhodhi wa soko, sheria ile ile iliyofungua mlango mwaka 1984.

Kutoka hapo wimbi likaendelea kushuka ngazi hadi ngazi. Ili kuziba mapengo, Mountain West ikamwalika Northern Illinois kwa mpira wa Kimarekani, chuo kilichoko karibu na Chicago, ambacho sasa kitakuwa ligi moja na Hawaii, zaidi ya kilometa 6,500 kutoka nyumbani. Northern Illinois ndicho kilichomfunga Notre Dame 16 kwa 14 Septemba mwaka 2024, tena kikilipwa dola milioni 1.4 kwa kukubali kwenda kucheza huko. Pac-12 ikaongeza Texas State kutoka ligi ya Sun Belt. Sun Belt ikamchukua Louisiana Tech kutoka Conference USA. Na Conference USA ilikuwa imekwisha kuwapandisha Kennesaw State, Delaware na Missouri State kutoka daraja la chini. Kila anayepanda huacha pengo nyuma yake, na kila pengo hujazwa na chuo kinachosafiri mbali zaidi na kukopa zaidi.

Mwisho wa ngazi hiyo unaweza kuonekana bila kutoka mbali na Pullman. Umbali wa takriban kilometa 13, ng'ambo ya mpaka wa jimbo, kuna Chuo Kikuu cha Idaho. Ligi yake ya zamani, WAC, iliacha mpira wa Kimarekani baada ya msimu wa 2012 kwa sababu wanachama walikuwa wamechukuliwa mmoja mmoja. Idaho kikahangaika, kikapokelewa na Sun Belt, ambayo wanachama wake wengi wako kusini, kisha mwaka 2016 kikaarifiwa kwamba hakitahitajika tena. Mwaka 2018 kikashuka kwa hiari kwenda daraja la pili, chuo cha kwanza kufanya hivyo tangu madaraja hayo yalipotenganishwa. Baadhi ya wahitimu walikasirika sana. Lakini Idaho sasa hucheza na majirani zake wa Montana na mashariki ya jimbo la Washington, mashabiki wanaweza kwenda ugenini kwa gari, na timu imekwisha kufika hatua za mtoano mara kadhaa. Huenda ikawa ndicho chuo pekee katika mkasa huu kilichorudia mantiki ya mwaka 1915, ingawa hakikuwa na chaguo kubwa.

Kwa waliobaki daraja la juu, mambo mawili yanazidi kukaza. Kwanza ni mgao wa mashindano ya kumpata bingwa wa taifa, yaliyopanuliwa kutoka timu nne hadi 12 mwaka 2024. Kwa makubaliano yanayoanza msimu wa 2026, Big Ten na SEC zitachukua takriban asilimia 29 kila moja ya fedha hizo, na ligi zote ndogo kwa pamoja takriban asilimia 9. Aidha SEC imeamua kwamba kuanzia msimu huo kila timu yake itacheza mechi tisa za ligi badala ya nane. Mechi moja inayoongezwa ni nafasi moja inayopotea kwa chuo kidogo kilichokuwa kikialikwa na kulipwa. Appalachian State, yule yule wa mfano wa mwaka 1981, alilipwa dola 400,000 kwenda kucheza na Michigan mwaka 2007, na akashinda 34 kwa 32.

Pili ni malipo ya wachezaji. Tarehe 6 Juni mwaka 2025, Jaji Claudia Wilken wa mahakama ya shirikisho huko California aliidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi kiasi cha dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza. Ni haki iliyochelewa, kwani wachezaji walikuwa wakizalisha mabilioni bila kulipwa. Lakini makubaliano hayo yanataka pia dola bilioni 2.8 za fidia kwa wanamichezo wa zamani, na sehemu ya fidia hiyo inakatwa katika mgao ambao NCAA huvipa vyuo vyote vya daraja la kwanza, vikiwemo visivyo na timu ya mpira wa Kimarekani kabisa. Vyuo vinavyoshiriki mpango huo vimewekewa pia kikomo cha idadi ya wachezaji. Timu ya mbio za nyika haitakiwi kuzidi wakimbiaji 17. Kikomo cha zamani cha ufadhili wa masomo kimeondolewa, kwa hiyo kimaandishi wakimbiaji wote 17 wanaweza kusomeshwa bure. Kwa chuo kilichopoteza mkataba wake wa televisheni, ruhusa hiyo ni ya karatasi.

Tarehe 1 Julai mwaka 2026 ndiyo iliyopangwa kwa Pac-12 mpya kuanza rasmi, ikiwa na vyuo vinane vya mpira. Siku hiyo hiyo ndiyo iliyowekwa kwa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso kuingia Mountain West. Chuo hicho ndicho alichosoma Mtanzania Suleiman Nyambui, mshindi wa medali ya fedha ya meta 5,000 katika michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Mwaka 1998, vyuo vinane viliihama ligi ya WAC na kukiacha El Paso nyuma, ili kuunda ligi mpya iliyopewa jina la Mountain West. Katika vinane hivyo, vinne ndivyo vitakavyokuwamo kukipokea: Air Force, New Mexico, Wyoming na Las Vegas.